Paka Wetu na Miguu ya Baba

Nyumbani kwetu Katuba tulikuwa watu watatu na paka mmoja, na paka huyo alikuwa wa baba. Mama ndiye aliyemleta, angali mdogo wa kutosha kiganjani, kwa sababu panya walikuwa wanatoboa mifuko ya unga wa bukari, ugali wetu. Shukrani ya paka lakini! Jioni tulipotandika mkeka na kuzunguka bukari, alimpita mama, akanipita mimi, akaenda kujilaza juu ya miguu ya baba, miguu mitupu, mipana, yenye nyufa. Na baba alimpa kichwa cha samaki kabla hajatia tonge mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilimwonea paka wivu, nasema kweli. Kichwa kile nilikitaka mimi!

Halafu ikaja habari ya karte, kadi ambayo serikali ya Wazungu iliwapa weusi wachache.

Wakati ule mji ulikuwa bado unaitwa Élisabethville. King'ora cha jioni kikilia, mtu mweusi alipaswa kuwa amesharudi upande wake. Akikutwa mjini, analala polisi. Baba alikuwa karani wa mizigo stesheni, na treni hazikujua king'ora. Mara mbili alirudi nyumbani asubuhi, shati limechafuka, hataki kuulizwa kitu. Mwenye karte alipita bila kuguswa. Mwenye karte hakuchapwa fimbo. Lakini kabla ya kukupa, Wazungu walikuja kwanza nyumbani kwako kuona kama mnaishi wanavyotaka wao: mnakula mezani, kwa uma, mama ameketi pamoja nanyi, kuna vitabu, jikoni ni safi. Baba aliomba, akajibiwa kwamba watakuja baada ya wiki sita.

Wiki sita! Nyumba ikageuka shule. Mkeka ulikunjwa ukafichwa nyuma ya kabati. Meza ikaletwa, na kitambaa cheupe ambacho mama alikifua kila siku hata kama hakuna aliyekigusa. Mimi nilifundishwa Kifaransa cha mezani, la fourchette ni uma, la nappe ni kitambaa cha meza, merci ni asante, na kila nilipojisahau nikaketi bila viatu baba aligonga meza kwa kidole.

“Pieds nus, non! Miguu mitupu, apana! Bazungu banatazama miguu mbele ya yote.”

Hayo maneno mawili, pieds nus, niliyajua kabla sijajua kuhesabu hadi kumi kwa lugha hiyo.

Yeye mwenyewe alinunua viatu vipya vyeusi, na si viatu vya hivi hivi. Vilikuwa viatu vya kulia. Siku zile bwana wa maana alisikika kabla hajaonekana, kwi, kwi, kwi, mpaka watu wakageuka kumwangalia. Baba alijaribu jozi nne dukani akachagua iliyolia kuliko zote. Kazini aliendelea na vile vya zamani. Hivi vipya vilikuwa vya kuvaa ndani, kila dakika aliyokuwapo, ili miguu izoee.

Jioni ya kwanza alipoingia navyo sebuleni, paka alimrukia.

Si mchezo! Alimkamata kifundo cha mguu kwa kucha za miguu yote minne, akauma, akaruka nyuma, akarudi tena. Baba alipanda juu ya kiti. Karani mzima wa stesheni, juu ya kiti, anamwomba mama ufagio! Mimi nilicheka mpaka nikaanguka. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Mama alipita, paka kimya. Mimi nilipita, paka kimya. Baba akiinua mguu tu, vita.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama alisema ni pomada ya nywele. Jirani yetu, ambaye ulimi wake haukujua likizo, alisema juu ya ua, “Mama, ile paka iko naona kitu. Uliza bwana yako iko natoka wapi.” Mama alicheka, lakini usiku ule baba aliulizwa. Masikini baba! Ameumwa na paka, sasa anaumwa na mke.

Mwishowe akakasirika kweli. “Bazungu bakiona damu mu soksi, karte imekufa,” alisema. “Bakishaenda tu, ile paka itapanda lori ya Mokambo, iende mbali kabisa. Siku yao mutaifungia mu jikoni.”

Nilidhani nitafurahi. Badala yake nililia, na hasira zangu zote zikahamia kwenye karte.

Siku mbili kabla ya wageni, baba akiwa kazini na mama akiwa kisimani, niliingiza miguu yangu ndani ya vile viatu. Nilitaka tu kuonja ubwana. Nikatembea sebuleni, mkono mmoja nyuma, kwi, kwi. Juu ya kabati paka alifumbua macho. Masikio yakasimama. Kabla sijasema lolote alikuwa ameshanishika mguu!

Nilipiga kelele, nikavitupa viatu, na nikiwa bado nafuta damu mguuni nikaelewa. Nilichukua kiatu kimoja nikakikunja kwa mikono. Kwi. Paka akakirukia kiatu kitupu. Panya! Alikuwa anasikia panya! Tulimleta kwa ajili ya panya, na baba alikuwa anatembea na panya wawili ndani ya nyumba kila jioni! Nilicheza peke yangu sebuleni, nilitaka kukimbia mpaka stesheni kumwambia.

Kisha nikakumbuka: nitasema nilijuaje? Mtoto wa kike, miguu ndani ya viatu vya baba yake, viatu vya karte! Nikanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilificha siku mbili nzima.

Wageni walikuja Jumamosi, Mzungu mmoja mnene mwenye daftari na mwanamke wa Kizungu mwenye kofia. Tulikula. Mama alishika uma kama aliyezaliwa nao. Mimi nilisema merci mara nane. Baba alikaa bila kusogeza miguu, na kwa nyuma ya mlango wa jikoni nilisikia paka akikwaruza mbao. Mambo yalikuwa yanakwenda, yanakwenda kweli! Mzungu akaomba kuona vitabu. Baba akainuka, kwi, akaanza kueleza kwa Kifaransa chake kizuri. Wakati huo huo mwanamke akataka kuona jikoni. Akafungua mlango.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Cha baba kilikuwa kinaning'inia kwenye suruali, na baba akaendelea na Kifaransa! Sauti ilipanda kidogo tu. Alishika kitabu, akasema jina lake, akasema bei yake, na damu inashuka kwenye soksi. Penseli ya Mzungu ilisimama. Sikuweza tena.

“Papa, vula bilato! Bilato njo binalia! Iko nasikia panya!”

Mzungu akauliza mtoto amesema nini. Baba alinitazama, kisha akamfasiria neno kwa neno, bila kuficha: avue viatu, viatu ndivyo vinavyolia, paka anasikia panya. Akaketi, akafungua kamba, akavua viatu na soksi zenye damu, akavipeleka nje ya mlango. Akarudi kwa miguu yake mitupu, akasimama mbele ya vitabu na kuendelea na sentensi pale pale ilipokatikia. Paka alimnusa vidole, akalala juu ya miguu yake.

Mwanamke alicheka mpaka akatoa leso. Mzungu naye akacheka, akampa baba mkono. Walipopinda kona tu mama alipiga vigelegele, na baba akanibeba mabegani, mimi mkubwa hivyo! Habari ya lori ya Mokambo haikutajwa tena.

Barua ilikuja pamoja na mvua. Baba aliisoma akiwa amesimama, na mimi nilisimama kando ya kiwiko chake.

“Banasema karte zimeisha,” alisema. “Tutangoja mwaka mwingine.”

Mama akaguna, akarudi jikoni. Mimi sikuondoa macho kwenye karatasi. Kifaransa kile kilikuwa kizito, sikukielewa, isipokuwa maneno mawili katikati ya ukurasa. Pieds nus. Miguu mitupu. Karte hazikuwa zimeisha. Nilifungua mdomo, na baba akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni.

“Lete mukeka,” aliniambia.

Niliuleta, nikautandika. Akavua viatu, akaketi, paka akaja akajilaza mahali pake. Mama alipoweka chakula, baba alichukua kichwa cha samaki. Paka aliinua shingo. Lakini baba alikiweka mbele yangu. Nilikila chote, mpaka macho, kwa sababu alikuwa ananitazama.