Udongo Uliowahi Kuchimbwa

Tulikuwa sita, wote tumemaliza chuo mwaka uleule, na hakuna aliyewahi kuchimba kitu cha kale kwa mikono yake. Mambo ya kale tuliyajua vitabuni. Profesa wetu akatupeleka kijiji kimoja upande wa njia ya kutoka mji wa Kalemie kwenda Bendera, akapima mraba kwa kamba na misumari kando ya shamba la muhogo, kisha akatuambia tuanze.

Mwenye shamba, mama wa makamo aliyekuwa pia mfinyanzi, alitukubalia kwa sharti moja: tusiguse muhogo wake. Kila asubuhi alikuja na kigoda, akaketi karibu na kamba kuhakikisha.

Kazi yangu ilikuwa kukwangua udongo kidogo kidogo kwa mwiko wa mwashi, kuuchekecha, na kuandika kila rangi inapobadilika. Kufika siku ya tatu magoti yalikuwa yananiwaka moto, na daftari langu lilikuwa na maneno yaleyale kila ukurasa: udongo mwekundu, hakuna kitu. Nilimwonea wivu mwenzangu aliyepata mfupa, ingawa profesa alisema ni wa mbuzi wa juzijuzi.

"Mutoto wangu," yule mama akaniita, "mbona unapita juu ya shimo?"

Nikatazama chini. "Shimo gani, Mama?"

"Hapo kwa goti lako. Huo udongo walisha kuuchimba zamani, haushikamani na mwenzake. Sikia mwiko wako. Huku unalia, huku unanyamaza."

Profesa alisikia. Akaja, akachuchumaa, akakwangua mwenyewe mara mbili. Kisha akainua kamba juu. "Ingia, Mama, tafadhali."

Mama akavua ndala. Nilimpa mwiko, akaukataa. "Hiki njo kitu ya kujenga nyumba," akasema, akapapasa kwa vidole, akachora duara pana kama sinia. Ndipo tukaona wote: ndani ya duara udongo ulikuwa mweusi kidogo. Nilikuwa nimeupigia magoti siku tatu. Niliona haya, lakini furaha ilizidi.

Nilichimba ndani ya duara lile siku mbili, Mama akinisimamia. Alasiri ya pili burashi yangu ikagusa ukingo wa chungu kizima, kimefunikwa kifudifudi, begani kina mistari kama iliyochorwa kwa kitana. Nikanyoosha mkono tu, kama mtoto darasani.

Tulikitoa pamoja, mimi nimeshika juu, Mama chini. Wenzangu waliuliza umri wake, profesa akasema hatataja hadi mkaa tuliookota shimoni upimwe maabara. Mama yeye alikigeuza taratibu.

"Aliyekitengeneza alikuwa na haraka," akasema. "Mudomo unaenda upande. Lakini alikichoma muzuri."

Profesa akaandika maneno hayo, yote.

Jioni ile tulikula kwake bugali na ndagala, dagaa wadogo wa ziwani. Tangu kesho yake, kabla ya kuingia shimoni, Mama alitufundisha udongo: kuubana, kuunusa, kuusikiliza. Mwishoni akatufinyangisha vyungu. Changu kilivunjika motoni, ikabaki nusu ya chini. Akaitazama pande zote, akasema itafaa kunyweshea kuku, na kweli siku tuliyofunga mizigo kuku walikuwa wameizunguka, wanakunywa.