Koti la Kufukuzia Nyani

Mimi nikichoka na mahali huwa siagi mtu. Asubuhi ile niliamka Kasulu, nikanywa uji wa muhogo kwa mama mmoja karibu na stendi, nikaona lori lililopakia mabati linaelekea upande wa Kibondo, nikamuuliza dereva kama ana nafasi mbele. Akaniuliza nashuka wapi. Nikamwambia nitaona. Akacheka, akasogeza jaketi lake, nikapanda. Unanijua, kwangu hiyo si safari ya ajabu. Nguo mbili, mswaki, simu yenye kioo kilichopasuka, basi.

Tulipopita Makere dereva akapunguza mwendo. Nyani walikuwa wamekaa pembeni ya lami, kundi zima, majike na watoto wao mgongoni, wanatazama magari kama watu wanaosubiri mgeni wao ashuke. Dereva akatoa mkono dirishani, akatupa gunzi la hindi la kuchoma. Jike mmoja akaja kuliokota taratibu, wala hakuwa na haraka.

"Hawa siku hizi ni ombaomba tu," dereva akasema.

"Simama kidogo basi."

"Nisimame nini? Wewe si mtu wa huku?"

"Wa huku."

"Sasa mtu wa huku anashangaa nyani?"

Sikuwa nashangaa. Niliona haya. Niligeuza uso kama mtu aliyekutana barabarani na jirani anayeijua vizuri nyumba yao.

Ngoja nikueleze. Shamba letu lilikuwa Kagerankanda, mwisho kabisa wa mashamba, mahali ambapo ukivuka mstari wa mwisho wa mahindi unakanyaga majani makavu ya msitu. Nazungumzia mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu kuingia kumi na nne. Udongo ulikuwa mweusi, unanukia mvua hata siku ya jua. Tulikuwa na kibanda cha nyasi cha kulindia, na humo ndani moto haukuzimika kuanzia mahindi yanapotoa ndevu mpaka yanapokauka. Nikifumba macho bado nasikia njiwa, debe la jirani likigongwa kwa mbali, na moshi unanichoma macho huku nageuza muhogo kwenye majivu. Mchana mama alifungua sufuria ya maharage yaliyotiwa mawese, tukala na ugali uliopoa. Sijawahi tena kula chakula kitamu kama kile, na nimekula katika miji mingi.

Baba hakuwepo. Alikuwa ameondoka kwenda machimboni Geita, akasema atarudi kabla ya palizi. Palizi ile ikapita, na nyingine, na yeye kimya. Kwenye msumari nyuma ya mlango aliacha koti lake la kahawia, zito, alilolinunua Mtabila wakati kambi ya wakimbizi inafungwa na kila aliyekuwa anarudishwa Burundi anauza asichoweza kubeba.

Nyani hawamwogopi mwanamke. Hilo si tusi, kila anayelima kando ya msitu analijua. Mwanaume akitokea, hata akiwa mbali, dume lao linabweka mara moja na kundi zima linarudi mitini. Mwanamke anaweza kupiga debe mpaka mkono ufe ganzi. Wanamtazama, wanavunja hindi, wanaonja, wanatupa, wanavunja lingine. Akisogea, dume linamwonyesha meno. Mtoto ndiyo kabisa. Mimi waliniangalia kama wanaangalia kisiki.

Mwaka wa kwanza bila baba, walitumalizia shamba. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja akasimama katikati ya mabua yaliyolala. Alikuwa mtu mpole, mfuga nyuki, hakuwahi kunipiga hata kofi.

"Shemeji," akamwambia mama, "shamba hili alilifyeka marehemu baba yetu. Siwezi kuona linalisha wanyama. Wakila tena mwakani, nitalilima mwenyewe."

"Hawatakula," mama akasema.

"Utawazuiaje?"

"Hawatakula, shemeji."

Msimu uliofuata, mahindi yalipoanza kutoa ndevu, mama alitoa koti msumarini. Akavaa na suruali ya baba, akaifunga kwa kamba kiunoni, akavaa mabuti ya mvua na kofia ya pama aliyoishusha mpaka kwenye nyusi. Wanawake wengine wa mashamba ya kandokando ya msitu walifanya hivyo pia, lakini hakuna aliyekubali kwamba anafanya. Mama yangu kuvaa suruali! Kwa watu wetu wakati ule, ilikuwa heri aonekane anaoga.

Mavazi peke yake hayakutosha. Siku ya kwanza nyani walisita, halafu mama akapiga kelele, wakamtambua kwa sauti, wakarudi kula. Kuanzia hapo hakufungua tena mdomo shambani. Alijifunza kukohoa kifua kizima, kutema mate mbali, kutembea akitupa miguu nje kama baba. Nilikuwa nakaa nikimwangalia akizunguka ukingo wa shamba, na kuna wakati nilitaka kumkimbilia nimwambie baba karibu. Nyani walikaa mitini wakilalamika. Hawakushuka.

Kazi yangu haikuwa kuangalia nyani. Nilikuwa naangalia watu. Nilikaa juu ya kichuguu kando ya njia, na mtu akitokea napiga mluzi, mama anaingia kibandani anajifunga kitenge juu ya suruali, anatoka na jembe kama mwanamke yeyote. Siku nyingine sikwenda shule kwa ajili ya mluzi huo. Na siku nilizokwenda, afadhali nisingekwenda.

Maana jioni moja alipita mwalimu wetu wa darasa, mtu wa mkoa wa mbali aliyependa kutembea. Nilipiga mluzi, lakini mama alikuwa mbali na kibanda. Akageuka akaonyesha mgongo, akaendelea kutembea.

"Shikamoo mzee!" mwalimu akaita.

Mama akainua mkono juu, akakohoa.

Kesho yake darasani mwalimu akaniambia, kwa wema kabisa, "Nimemwona baba yako. Mtu wa maneno machache." Wote darasani walijua baba hayupo. Halafu mmoja akaelewa. Mwisho wa kipindi walikuwa wananisubiri mlangoni.

"Baba yako anavaa heleni!"

"Muulize anasuka nywele wapi, na baba yangu akasuke!"

"Ananyonyesha?"

Nilipigana na mmoja, nikapigwa. Nyumbani mama aliniuliza kuhusu mdomo uliovimba, nikasema mpira. Sikumwonea huruma. Nataka ulijue hilo. Nilimwonea haya, yeye, na koti, na ile miguu anayoitupa nje. Njiani kwenda shambani nilianza kumwacha atangulie mbali, ili anayekutana nasi asijue tuko pamoja.

Mahindi yalikuwa yameanza kukomaa siku baba mkubwa alipokuja. Mimi nilikuwa juu ya kichuguu, macho yote njiani. Yeye hakupita njiani. Alikuwa ameamkia msituni kwenye mizinga yake, akatokea upande wa nyani, upande ambao hatukutarajia mtu. Kwanza nilisikia kicheko, kicheko cha mtu mzima anayeshindwa kujizuia.

"Wewe! Mdogo wangu! Umerudi kimya kimya namna hii?"

Mama alikuwa amempa mgongo. Hakugeuka. Aliongeza hatua, akitembea kiume vilevile, akielekea kibandani. Baba mkubwa akamfuata akipita katikati ya mahindi, ndoo ya asali mkononi, anacheka na kuongea kwa Kiha maneno ya utotoni mwao. "Simama nikuone! Unamkimbia kaka yako?" Niliruka nikachukua kitenge, nikakimbia, lakini yeye alikuwa na miguu mirefu. Alimfikia. Akamshika bega.

Kicheko kilikatika. Mama alichuchumaa palepale, akajaribu kuivuta kofia ifunike uso, akajikunja ndani ya koti mpaka akawa mdogo kuliko mimi. Na baba mkubwa, mtu yule mpole, aligeuka haraka akatazama msituni. Alisimama hivyo, mgongo kwetu, mkono mmoja umeshika ndoo, mwingine umefunika macho. Sikujua kama anajificha asimwone mama au asionekane yeye.

"Mtoto," akasema, "mpe mama yako nguo."

Nikampa. Mama alijifunga kitenge bila kusimama.

"Hilo koti likunje, shemeji," akaendelea kwa sauti ya chini, bado hajageuka. "Kuanzia kesho nitalinda mwenyewe. Sitaki watu wamwone mdogo wangu shambani, halafu asiwepo."

Akaiweka ile ndoo ya asali chini, akaondoka kwa njia aliyojia.

Kesho yake alikuja kweli, na mkuki, na mbwa. Nyani walimwona mara moja tu, wakahamia upande wa pili wa bonde. Mimi nikapewa mkuki niubebe. Rafiki yangu, sijui nikuambieje jinsi nilivyofurahi. Nilitembea mbele ya mwanaume wa kweli, nikapita makusudi karibu na shule, nikakanyaga kwa nguvu. Wale waliokuwa wakinicheka waliniomba wamshike mbwa. Jioni nilimsimulia mama jinsi nyani walivyomkimbia baba mkubwa, nikaigiza dume likiruka, nikacheka peke yangu. Mama alikuwa anafua ile suruali, ikakunjwe pamoja na koti.

"Umefurahi, eh?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

"Haya," akasema. Akaikamua.

Tulivuna vizuri. Baba mkubwa hakuchukua hata hindi moja, mahindi yote yalikuja kwetu. Lakini kila aliyepita alimpongeza yeye. "Umeliokoa shamba la mdogo wako." Naye angejibu nini? Angesema siku zote zile za ndevu na mahindi mabichi, siku ambazo nyani huwa wakali zaidi, aliyelinda ni shemeji yake akiwa amevaa suruali? Alikuwa na heshima mno. Hakumwambia mtu yeyote, hata mke wake. Mama naye angesemaje? Ili adai kwamba alilinda, ilibidi kwanza akiri alivyokuwa amevaa. Kwa hiyo wote wawili walinyamaza, kila mmoja akimsitiri mwenzake, na shamba, kwa kuwa watu walilihesabu la aliyelilinda, likaondoka katikati ya ukimya huo. Mvua zilizofuata, baba mkubwa alikuja na wanawe wana majembe begani, wakaanza kulima. Hakukuwa na ugomvi. Alitupimia matuta machache upande wa chini, penye mawe.

"Utamwambia baba mkubwa alirudishe?" nilimuuliza mama.

"Nimwambie nini? Si watu wote wanajua kwamba alilinda yeye?"

Aliniangalia kidogo, kama vile kuna jambo ningeweza kuongeza. Nami nilikuwa natazama wale binamu zangu wakilima, natamani waniite. Mwaka uliofuata tulihamia Buhigwe, kwa watu wake. Shule ya huko waliniambia nirudi darasa moja nyuma. Nikaenda wiki chache, halafu nikaanza kuzurura kuona yaliyopo ng'ambo ya kila kilima, na ndiyo kazi ninayoifanya mpaka leo.

Kibondo nilifika alasiri. Dereva alinishusha karibu na soko, nikazunguka nikinusa dagaa na mbao mbichi, mpaka nikaona nyumba yenye kibao cha vyumba. Mama mwenye nyumba alikuwa uani anachambua maharage.

"Unakaa mpaka lini?"

"Sijajua bado."

"Ee, nyie vijana. Mwenyeji wa wapi?"

"Kagerankanda."

"Kwa nyani!" Akacheka. "Dada yangu aliolewa huko. Alishindwa. Mwanamke hawezi kulima kule peke yake, watamla hata yeye."

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yote, tayari kabisa. Nikamuuliza bafu liko wapi.

Chumba kina kitanda, neti, beseni la bluu. Nilikaa kitandani nikifikiria jinsi kule kwetu kulivyobadilika. Nilipita mara moja miaka ya karibuni. Msitu umekatwa kwa mkaa na mashamba mapya, umesogea mbali mpaka unauona kama wingu. Kibanda hakipo, kichuguu kimefyatuliwa matofali. Hakuna anayelinda, kwa kuwa hakuna cha kufukuza, nyani wenyewe wamehamia barabarani kuomba magunzi. Ile sauti ya dume likibweka alfajiri, niliyokuwa naichukia, nimeikumbuka kama mtu anavyokumbuka wimbo. Na yule mwanamke aliyezunguka ukingo wa shamba akikohoa, hayumo katika habari za mtu yeyote wa pale. Waulize wazee, watakuambia mwaka ule alilinda baba mkubwa.

Nikampigia simu mama.

"Uko wapi leo?"

"Kibondo."

"Kibondo kuna nini?"

Nikatazama lile beseni. "Nimefika sasa hivi, mama. Wewe hujambo?"

"Sijambo. Nimepata kishamba, mwanangu. Cha kukodi, hapa hapa kilimani. Kidogo tu, lakini hakuna nyani."

"Nani anakilinda?"

"Hakilindwi!" Alicheka, na kicheko chake kilikuwa chepesi, sikukizoea. "Mimi nalala. Asubuhi naamka, nakikuta kipo."

Nilitaka kumwambia kwamba niliona. Kwamba nilikuwa juu ya kichuguu na niliona kila siku, na baada ya ile siku ya kwanza hakuna hindi lililoliwa. Nikamuuliza kama mvua zimeanza huko.

Akasema zimeanza.