Zahanati Chisalale, Kisima Kwingine

Mwaka 1994 Rukaya Abdulswamadu alikuwa afisa mipango mjini Dodoma, na kazi yake ilielezeka kwa maneno machache: idara zote zijenge mahali pamoja, kwa wakati mmoja. Kuitekeleza ndiko kulikomtoa jasho. Maji walikuwa na mfadhili wao, afya na wao, na kila mkuu wa idara aliisikiliza wizara yake huko Dar es Salaam kabla ya kumsikiliza jirani wa chumba cha pili.

Mwaka ule alikishikilia kijiji kimoja, Chisalale. Afya wajenge zahanati, maji wachimbe kisima. Mpiga chapa alikuwa amepunguzwa kazini, kwa hiyo mpango mzima Rukaya aliuchapa mwenyewe kwa vidole viwili. Kikaoni wote waliafiki, wakatia sahihi, wakanywa chai.

Septemba zahanati ikaezekwa. Kisima kikachimbwa kijiji kingine, kilomita ishirini na mbili kutoka pale.

Rukaya alimfuata mhandisi wa maji, Mzee Yahaya.

"Shikamoo, mzee. Sahihi hii si yako?"

"Marahaba, binti yangu. Ni yangu."

"Sasa kisima kimefikaje kule?"

Yahaya alivua miwani. "Mfadhili alikuja na ramani yake. Ningekataa, mtambo wa kuchimbia ungepelekwa mkoa mwingine."

"Ungeniambia basi! Zahanati ningeihamishia huko huko."

"Barua niliandika."

Aliandika kweli. Ilizungukia wizarani, ikamfikia Rukaya wiki mbili baada ya mazungumzo yale, ina mihuri minne.

Alikwenda Chisalale kujionea. Muuguzi, Ruthu, alimwonyesha chumba cha kujifungulia, bado kinanuka rangi mpya.

"Mama akija kujifungua, ndugu zake waje na madumu mawili ya maji," alisema. "Asiye nayo nimwambieje, dada?"

Rukaya alikuwa na hasira, na hakujua amshushie nani, maana kila mmoja alikuwa na sababu yake.

Aliporudi mjini alikumbuka tanki la maji lililokuwa limelala miaka kwenye yadi ya idara ya ujenzi. Ujenzi wakasema afya waliombe kwa maandishi. Afya wakasema hawawezi kuomba kitu wasichojua kama kipo. Rukaya akaandika barua zote mbili, ya kuomba na ya kukubali, akasimama mlangoni kwa kila mmoja mpaka ikasainiwa.

Desemba tanki likafungwa Chisalale, chini ya mifereji ya bati la zahanati. Mvua zikalijaza. Kufikia Juni lilikuwa kavu, na madumu yakarudi.

Mwezi huohuo ukaja waraka wa kutaka vipaumbele vya mwaka unaofuata. Safari hii, kabla hajaandika neno, Rukaya alimpigia simu mwakilishi wa mfadhili, akaomba aione ramani.

"Ramani tunawapa wizara tu, mama," sauti ikajibu. "Waulize wao."

Akakata simu, akaingiza karatasi kwenye tapureta, na mstari wa kwanza akachapa: Chisalale, kisima.