Nilipigwa kisiginoni katikati ya migomba, nikageuka sikuona mtu

Wakuu, salaam. Hii siitii chumvi, maana hata ikiwa kavu bado inanitisha.

Mimi ni mkulima wa ndizi na kahawa, Nyakasimbi huku Karagwe.

Asubuhi moja nilikuwa kibanjani nimebeba mkungu begani. Nikakaza mguu ili nivuke mtaro.

PAH!

Kitu kikanitandika nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, kama rungu. Nikageuka kwa hasira nimwone aliyenipiga.

Hakuna mtu. Migomba tu, imetulia.

Nikaanguka na mkungu wangu. Kusimama nashindwa, mguu kama si wangu. Nikatambaa hadi nyumbani.

"Nani kakupiga?" mama akauliza.

"Sikuona mtu, mama."

"Waitu! Hii si ya hospitali."

Wakuu, mama yangu ni mzee wa kanisa. Sijawahi kumsikia akitaja mambo ya uchawi. Aliposema yeye, ndipo nikaogopa kweli.

Akaitwa mzee mmoja wa dawa. Akapapasa pale nyuma, kidole chake kikazama kwenye shimo. "Wameshatoa kitu humu," akasema, huku anafungua wembe anichanje.

Nililigusa lile shimo mwenyewe. Na mguu hata hauumi sana! Nikaamini nakufa.

Mke wangu akaingia kati. "Samahani mzee, weka wembe." Kisha akamgeukia mama: "Mama, mchawi kama yupo tutamkuta tukirudi. Kwanza mguu uonwe."

Akaita boda, akakaa nyuma yangu kanishikilia kiuno hadi hospitali.

Daktari alikuwa dada mpole. Akaniambia nilale kifudifudi, miguu ining'inie. Akaminya kigimbi cha mguu mzima, unyayo ukacheza. Akaminya cha mguu mbovu.

Kimya. Unyayo haukutikisika.

"Rudia," nikamwambia. Akarudia. Vilevile.

"Daktari, mguu umekufa?"

"Haujakufa. Kano kubwa ya kisigino imekatika, inaitwa Achilles. Hilo shimo ni pengo lake. Ikikatika, watu wengi hudhani wamepigwa na mtu."

Nililia mbele ya mke wangu, wakuu. Sikujali.

Akaeleza kuna upasuaji na kuna plasta, ila kwa kuwa nimewahi, plasta ingetosha. Nikafungwa hogo, yaani hiyo plasta ngumu, vidole vikiangalia chini. Kila nikirudi wanaurudisha unyayo juu kidogo. Baadaye viatu vya kuinua kisigino, halafu mazoezi.

Siku niliyoambiwa nisimame kwa vidole, nilimshika mke bega nikafumba macho, nasubiri ule mlio tena.

Haukuja. Kano ikashika.

Sasa natembea vizuri, ingawa mikungu bado anabeba mdogo wangu. Mama alimwomba mke wangu msamaha, yameisha.

Somo: ukihisi umepigwa kisiginoni na hakuna mtu, usikubali kuchanjwa wala kukandwa. Usiukanyagie mguu, wahi hospitali. Ukichelewa, pengo hupanuka na tiba inakuwa ngumu.

Swali kwa waliopitia hili: kigimbi cha mguu ule bado chembamba kuliko mwenzake. Chenu kilirudi? Madaktari wa humu nao waniambie, maana hofu haijaisha yote.