Rangi ya Kucha Ndani ya Mashine ya Gemu

Saa tatu asubuhi, Verlene Ottinger anafungua kisanduku cha plastiki bandani mwake, Greeneville, jimbo la Tennessee. Amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Sogea, unanitilia kivuli," anamwambia mwandishi.

Kisanduku hicho ni mashine ya gemu ya nyumbani, miongoni mwa za mwanzo kabisa kuuzwa. Haina sauti wala haihesabu pointi. Hutoa vidoa vya mwanga tu. Uwanja wa mchezo unaubandika mwenyewe kwenye kioo cha tivi, karatasi ya plastiki iliyochorwa.

Mwaka 1972, akiwa na miaka 22, Verlene alizilehemu mashine hizi kiwandani kwa dola mbili na ushei kwa saa. Dukani moja iliuzwa dola mia. "Mia! Tulitengeneza maelfu, na kwenye benchi letu zima la kazi hakuna aliyewahi kucheza."

Leo ana miaka 75 na bado anatengeneza tivi za watu. Mashine hii aliinunua kwa jirani ikiwa imekufa. Lazima ipone kabla ya Jumamosi, kwani Jumapili Imogene Crum, 81, aliyekaa naye benchi moja kiwandani miaka kumi na tisa, anahamia kwa bintiye Ohio.

"Roho inaniuma, nisikufiche," anasema.

Mara anaguna. Kando ya waya mmoja kuna tone la rangi nyekundu ya kucha. Kila mwanamke wa benchi lile alikuwa na rangi yake, akiidondosha kwenye kazi aliyoimaliza ili kasoro ikionekana ijulikane ni ya nani. Ya Verlene ilikuwa ya waridi. Nyekundu ni ya Imogene, na lehemu iliyopasuka na kuiua mashine ndiyo hiyo yenye tone lake!

Anapiga simu kabla hata ya kuigusa. "Shoga, nimekukamata! Lehemu yako imeachia."

"Imekaa miaka hamsini, bado unalalamika?" Imogene anafoka kwenye spika. "Zako zilikuwa zinarudishwa kabla ya chai!"

Verlene analehemu upya huku akicheka, kisha anawasha tivi kuukuu ya chogo. Vidoa vinatokea. "Jamani! Jamani!" Karatasi ya uwanja haipo, lakini plastiki ya kufunikia chakula inanata vizuri, na kalamu ya wino ya kuuchora uwanja anayo.

Jumamosi yeye na Imogene watacheza tenisi ya kwenye tivi, baada ya maharage na mkate wa mahindi. Je, atamwachia rafiki yake ashinde, siku ya kuagana?

"Thubutu! Akishinda ataondoka ameridhika. Imogene namjua, akifungwa hatulii mpaka alipize. Nikimfunga, lazima atarudi."