Bata wa Mama Ngalula Walilala Kitandani

Enzi zetu baridi ilikuwa baridi, siyo hii ya leo ambayo vijana wanaiogopa kabla haijafika. Mjukuu wangu akisikia upepo kidogo wa mwezi wa sita, anavaa koti na soksi mbili, anabaki kitandani na simu yake, ananiambia eti "Kambo, nitakufa". Utakufa na nini? Sisi hapa Lubumbashi, wakati mji ungali ukiitwa Élisabethville, tulikula kiporo cha bukari, ugali wetu, kilichochomwa kwenye mbabula ya makaa, tukakanyaga nyasi zilizoganda, miguu mitupu, mikono kwapani, mpaka shule kwa masista. Na sista hakuuliza kama umesikia baridi. Aliuliza kwa nini umechelewa.

Lakini baridi ninayotaka kuwasimulia ni ile ya wakati wa sécession, jimbo letu lilipojitenga na nchi, tulipolaza bata kitandani na baba akalala chini.

Bata wenyewe hawakuwa wetu. Walikuwa wa jirani yetu Mama Ngalula, mtu wa Kasai, jimbo jingine, na siku zile mtu wa Kasai alikuwa anawindwa kwa kabila lake tu, hata kama alizaliwa hapa hapa. Familia yake ilipokimbilia kambi ya wakimbizi, alimpitishia mama yangu bata watatu juu ya ua wa miti. "Mama Régine," akasema, "unichungie hizi bata. Nitakuya kuzikamata." Régine ni dada yangu mkubwa. Mama akajibu, "Hakuna hata moja itakufa. Mungu anasikia." Na mama, kwa walioujua ukaidi wake, akishasema amesema.

Baridi ilipoingia, mama akakosa usingizi. Bata wako nje! Wakifa, atamtazama Mama Ngalula na uso gani? Kwetu hakuna aliyewahi kufuga bata. Tulijua kuku, na kuku wetu walilala jikoni. Mama akaamua bata walale ndani ya nyumba. Baba, fundi wa reli, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kupumzika, akasimama mlangoni: "Bata ya buchafu haitalala mu nyumba yangu. Ioge kwanza!"

Basi tukawaogesha. Ole wetu! Régine alishika, mama akasugua kwa sabuni ya kufulia na maji ya vuguvugu, mgongo, tumbo, chini ya mabawa, mpaka wakanukia kama wanakwaya wa Jumapili. Asubuhi tukawapeleka kwenye pipa lao lililokatwa nusu. Dume akaingia kwa maringo, akaelea kidogo, halafu akaanza kushuka. Pole pole, bila kelele, huku anatutazama. Sisi watoto tukafikiri anacheza.

"Yoo! Bata ya Mama Ngalula inazama!" mama akaita.

Baba akaja mbio na povu la kunyolea shavuni, akamvuta kwa shingo. Baadaye sana ndipo tulipoelewa kwamba sabuni imeondoa yale mafuta yanayozuia maji yasiingie kwenye manyoya. Siku ile tuliona tu bata aliyelowa chapachapa, anatetemeka.

Sasa baridi ya bata ikawa ya kweli, tena tumeitengeneza wenyewe. Mama akakata mikono miwili ya sweta ya kazi ya baba, akawavalisha majike. Dume alikuwa mnene, akapewa kofia ya sufu iliyotobolewa katikati. Kisha wote watatu wakaingizwa kitandani pembeni ya mama, chini ya blanketi, na baba akatandikiwa mkeka.

"Miye, muntu wa chemin de fer, nilale chini, bata mu kitanda?"

"Papa Régine, weye ulizama? Lala basi."

Asubuhi moja askari wa doria wakaingia lupango letu, ua na nyumba, wakitafuta watu wa Kasai waliofichwa. Mkubwa wao akaona blanketi linapumua. "Nani iko mu kitanda?" Mama akasogea mbele ya kitanda. Akisema ni bata wa Mama Ngalula, wataishia kwenye sufuria ya askari, na sisi tutaulizwa urafiki huo unatoka wapi. Baba, ambaye sijawahi kumsikia akidanganya, akasema, "Ni bagonjwa." Askari akafunua blanketi kwa mtutu wa bunduki. Vichwa vitatu vikachomoza kwenye sufu. Dume akapiga chafya.

"Iko na nini?"

"Kifua," mama akasema. "Inaambukiza."

Yule askari akarudi nyuma, akaziba mdomo kwa mkono, akawaamuru wenzake watoke. Kutoka mlangoni akaongeza, kwa huruma kabisa: "Mubape chai ya moto." Tulicheka mpaka tukagaagaa. Mama hakucheka. Alikaa chini palepale, akawafunika bata upya.

Mafuta yakarudi kwenye manyoya, bata wakarudi nje, baba akarudi kitandani. Baridi ilipokwisha, Mama Ngalula akaja, amekonda mpaka inauma kumtazama. Alikuja kuaga. Wanapelekwa Kasai, ambako watoto wake hawajawahi kufika. Mama akamwonyesha bata wake, wazima wote, akamsimulia mambo ya sweta na kitanda. Mama Ngalula akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mais Mama Régine, bata haisikiake baridi! Sisi njo tulisikia, kule mu kambi, na batoto chini ya mifuko." Kisha akamkamata dume, akaomba kisu.

"Hapana!" mama akapiga kelele. "Miye nililala na ile bata!"

"Ni ya nani?"

"Ni yako."

"Bon. Leo tunakula pamoja."

Tukala, nyumba mbili, sahani moja. Mama alilia tangu tonge la kwanza, na kila alipolia Mama Ngalula alimchagulia kipande kizuri zaidi. "Kula, ndugu yangu. Bale bantu banatufukuza, na weye ulichunga hata bata."

Hatukumwona tena.

Siku hizi malupango yana kuta za matofali na vipande vya chupa juu. Jirani akikuachia kuku, kwanza anampiga picha, mbele na nyuma, usije ukambadilisha. Kabila tuliulizana hata zamani, tusidanganyane, tena kwa ubaya. Lakini juzi nilimuuliza mjukuu wangu jirani yetu wa kushoto anaitwa nani, akasema hajui. Iliniuma. Maana tukilazimika kukimbia kesho, hatuna mtu wa kumpitishia bata.