Tovuti Iliyoanza kwa Salamu: Ilwad Bare na Manemane ya Mandera

Jua la Garissa bado halijaanza kuuma. Ilwad Bare amekaa mbele ya kompyuta yake kuukuu, mtandio umetupwa begani, vidole viko tayari. Modemu yake inapiga simu Nairobi. Inalia, inakoroma, inanyamaza. Nje ya kibanda, wanaume watatu waliokuja kuchapiwa barua za vibali vya mifugo wamekatiza mazungumzo yao na wanachungulia mlangoni.

"Iko namba ngapi leo, abaayo?" anauliza mmoja wao, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Balambala. Abaayo ni dada, na hapa mtu akikuita hivyo huna budi kumjibu vizuri.

"Subiri basi, bado inafunguka."

Inafunguka kwa madaha, mstari mmoja mmoja. Ilwad anaandika neno la Kiingereza lenye maana ya manemane, ule utomvu wa miti unaonukia, anabofya, anangoja. Ghafla anapiga kofi mezani.

"Ya tatu!"

Kibanda kinajaa vicheko. Mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake, anapeana mikono na wenzake kwa fahari, utadhani mbuzi wake ndiye aliyeshinda.

Ilwad ana umri wa miaka ishirini na tisa, na kwa taaluma ni mpiga chapa. Lakini tangu mwaka jana, 1998, anafanya kazi nyingine ambayo hata Nairobi wengi hawajaisikia: kuhakikisha ukurasa wake kwenye mtandao unaonekana pale mtu wa mbali anapouliza. Kuna mitambo ya kutafutia huko mtandaoni. Unaandika neno, nayo inakupa orodha ya kurasa. Za juu husomwa. Za chini hakuna anayejua kama ziko.

"Ni kama kufungua duka," anaeleza. "Ukilifungua porini, hata uwe na bidhaa nzuri namna gani, utauzia fisi."

Alizaliwa Habaswein, binti wa dereva wa lori. Alijifunza kupiga chapa Garissa, akafungua kibanda chake karibu na soko la mifugo, kisha akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika. Mwezi ukiwa mzuri, kibanda humpa shilingi elfu nane hivi. Simu za Nairobi za mtandao humeza karibu elfu tatu. Jamaa zake walimwona amerukwa na akili, na hawakumficha.

Aliyemwamini ni mmoja tu, naye yuko Mandera. Ni shangazi yake, Maka, dada ya baba yake. Kwa Kisomali shangazi ni eeddo, na kwa desturi shangazi naye humwita mpwa wake eeddo. Kwa hiyo wawili hawa wakizungumza, mgeni hushindwa kujua nani mkubwa.

Maka anaongoza kikundi cha akina mama wanaookota manemane. Wanapochunga mbuzi wakati wa kiangazi, hukwangua utomvu uliokauka kwenye miti, wakautia mfukoni, jioni wakauchambua. Kila mwaka dalali mmoja, Alio, alikuja na lori lake hadi kwenye stoo yao. Alitaja bei, na hiyo ndiyo ilikuwa bei. Wakibisha, aliwasha injini.

"Huyo mtu si mbaya," anasema Maka kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Yeye nacheka, naleta halwa kwa watoto. Lakini bei yake kidogo. Wewe naokota mwezi nzima, pesa ya sukari tu nabata."

Ilwad alikuwa amerudi kutoka semina ya kompyuta Nairobi, kichwa kikimchemka. Alimwambia shangazi yake kwamba wenye viwanda vya marashi na sabuni huko Ulaya wanaitafuta bidhaa hii hii, ila hawajui kama Mandera ipo. Amtengenezee tovuti, wanunuzi watakuja wenyewe. Maka akawaita wenzake, wakashauriana, wakakubali kitu kizito: msimu ule hawatamuuzia Alio hata kipande. Manemane yote ingekaa stoo mpaka tovuti ilete mtu.

Manemane haiozi. Matumbo ndiyo hayana subira. Ilwad alijua kwamba neno lake likienda arijojo, ni jina la shangazi yake litakalochafuka, na hao akina mama hawatamsikiliza tena mtu yeyote anayewaambia wakatae bei ya lori.

Akaitengeneza tovuti usiku na mchana. Ikapendeza. Ikapanda hewani. Kisha kimya.

Barua pepe ya kwanza ilipoingia, Ilwad alikaribia kuanguka kitini. Ilitoka kwa mwalimu mstaafu wa Norway. Aliandika kwa adabu kuu kwamba yeye ni mzima, mvua huko ipo ya kutosha, ng'ombe hana ila paka, na watoto wake wote wanaendelea vizuri. Juu ya manemane hakusema neno.

"Nilikodoa macho," anasema Ilwad, akicheka mpaka anajifuta machozi. "Huyu mzee ananijibu nini?"

Alikuwa akijibu salamu. Tovuti ilianza kama mtu yeyote mwenye malezi mema wa kwao angeanza. Ilimtakia msomaji amani. Ikamuuliza hali ya mvua. Ikauliza malisho, mifugo, wazee na watoto, na kama njia aliyopita ilikuwa salama. Ikamwombea dua. Chini kabisa, baada ya msomaji kuteremka na kuteremka, ndipo lilipotajwa neno manemane.

"Sisi hatuwezi kumwendea mtu na kuanza na bei," anasema. "Huo ni utovu wa adabu. Hata anayekuja kukuuzia dawa ya nyoka, na nyoka amekwisha kukuuma, atakuuliza kwanza habari za ngamia."

Alipomwuliza yule mzee ameupataje ukurasa, akajibiwa kwamba alikuwa akitafuta salamu za watu wa dunia ili awaandikie wajukuu. Hapo Ilwad akashika kichwa. Mtambo ulisoma kichwa cha ukurasa na mistari ya mwanzo, ukaamua kwamba hawa ni watu wa salamu, basi. Mwenye kutafuta manemane alipelekwa kwingine.

Akamweleza shangazi yake, kwa Kisomali chao, kwa redio ya upepo, ile ambayo watu wa Mandera na Garissa hutumia kuongea wakilipia kwa dakika. Redio hiyo haina siri. Wote walio kwenye foleni, huku na kule, husikia. Ndivyo mji mzima ulivyojua habari za tovuti, na ndivyo wachuuzi wa mbuzi walivyoanza kuuliza namba.

"Tuondoe salamu. Ofa," alisema Ilwad, akimalizia kwa neno la redio la kumpa mwenzake zamu ya kusema.

"Kuondoa salamu? Eeddo, watu watasema sisi hatukulelewa! Ofa," Maka akang'aka. Na foleni nzima ya Mandera ikaguna kumuunga mkono.

Wakaafikiana: salamu zitapewa ukurasa wao wenyewe, na ukurasa wa manemane utaanza na manemane.

Ikasogea kidogo, lakini bado ilikuwa mbali. Ndipo akatokea Shuaib, binamu yake anayeuza kompyuta Eastleigh, akiwa na dawa mkononi.

"Manze, hii ni rahisi," alimwambia. "Andika hilo neno mara mia mbili pale chini, herufi nyeupe juu ya nyeupe. Mtu haoni, mashini inaona. Utapanda kama roketi."

Kiangazi cha jilaal kilikuwa kimeanza na maji yalikuwa yamemfika Ilwad shingoni. Akaandika. Jioni akamsimulia shangazi yake kwa furaha ya mtu aliyepata njia ya mkato.

Maka akauliza, "Hayo maneno yanamwambia mnunuzi kitu? Ofa."

"Hapana, eeddo. Yanajaza tu. Ofa."

"Basi hiyo ni kutia mchanga kwenye gunia ili mzani ushuke. Yule mwanamke aliyetia mchanga tulimtoa kikundini, unakumbuka? Futa, eeddo. Ofa na kwaheri."

Ilwad alifuta usiku ule ule. Anakiri iliuma, kwa sababu hakuwa na dawa nyingine. Lakini maneno yale yalimkaa moyoni: yanamwambia mnunuzi kitu? Akajiuliza mnunuzi hasa anataka kuambiwa nini. Akapiga moyo konde, akafunga kibanda, akapanda lori la kwenda Mandera.

Alikaa na akina mama wakichambua, akiuliza kila kitu. Ni miti ipi hukwanguliwa na ipi huachwa ipumzike? Unajuaje kipande cha zamani? Wakamwonyesha jinsi ya kuisugua manemane kwa maji: ikiwa halisi, maji hugeuka meupe kama maziwa. Wakamtafunisha. Wakaichoma juu ya kaa la moto na kumtajia harufu ya ile iliyochanganywa. Mwenzao mmoja, Lul, mama wa watoto watano, alizungumza kuliko wote, kwa kuwa pua yake ndiyo inayoaminiwa na kikundi.

"Nilikuwa naandika jinsi manemane yetu ilivyo nzuri," anasema Ilwad. "Kila mtu anasema hivyo. Hakuna aliyekuwa anaeleza utaitambuaje."

Aliporudi Garissa, akaandika upya kila kitu. Ukurasa mmoja kwa jambo moja, kila mmoja ukiwa na jina linalosema kilichomo. Majaribio ya maji, ya meno na ya moto, moja baada ya jingine, kwa lugha nyepesi. Kila juma akaongeza habari mpya kutoka kwa akina mama: mvua ikoje, utomvu unatoka vipi, nini kimeingia stoo. Akawaandikia watafiti wa mimea wa vyuo vya mbali, akiwaomba wasome na kumkosoa. Wawili walimkosoa kweli, akarekebisha, nao wakaiweka anwani yake kwenye kurasa zao ili wanafunzi wao wasome. Mitambo huona ni nani anayetajwa na watu wenye heshima zao.

Tovuti ikaanza kupanda. Ya sabini. Ya arobaini. Kibandani watu wakawa wanauliza namba kabla ya kujibu salamu, jambo ambalo Garissa ni karibu sawa na mapinduzi.

Lakini kupanda si kuuza. Asubuhi moja Ilwad akaitwa redioni, na sauti ya Maka haikuwa ile ya siku zote.

"Lori la Alio liko mlangoni. Lul na wengine wanataka tuuze. Siwalaumu, shule zimefunguliwa. Wewe una nini? Ofa."

Ilwad hakuwa na kitu. Alikuwa ametuma kifurushi cha sampuli kwa mwanamke mmoja wa Ufaransa anayetengeneza marashi, aliyeandika kwamba aliuliza mtambo utaitambuaje manemane halisi, na katika majibu yote ni ya Mandera tu yaliyomfundisha kitu. Tangu hapo hakujibu.

"Nipe mpaka baada ya adhuhuri, eeddo. Ofa."

Akarudi kibandani mbio. Laini ya Nairobi ilikuwa imejaa. Akapiga, ikakata. Akapiga tena. Nje, mteja mmoja alikuwa akivuta uradi. Modemu ilipokubali, barua ilikuwepo. Mwanamke yule alikuwa ameisugua kwa maji, akaitafuna, akaichoma, kama alivyoelekezwa. Anachukua stoo yote, na bei aliyotaja ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile ya lori.

Ilwad haukumbuki mwendo wa kwenda kwenye redio. Wanaokumbuka wanasema kiatu kimoja kilibaki barabarani.

"Usiuze! Eeddo, usiuze! Inanunuliwa yote!" Alisahau hata kusema ofa.

Vigelegele vya Mandera vilisikika Garissa kwa redio, na mwendeshaji, mtu mkavu asiyecheka na wateja, hakudai dakika zile. Habari zilipofika mlangoni pa stoo, Alio aliwatazama akina mama waliokuwa wakikumbatiana, akalitazama lori lake tupu, akauliza: "Haya, na hiyo mizigo mtaibeba kichwani mpaka Nairobi?" Wakapatana nauli. Lori lililokuja kununua likaondoka limekodiwa.

"Nilikuja tajiri, nikarudi dereva," anasema Alio, naye anacheka. "Lakini nauli walilipa vizuri, wallahi."

Mwaka unakwisha sasa, na jilaal nyingine inakaribia. Lul amekuja Garissa kujifunza kuandika kurasa. Mwanzoni vidole vilimsumbua, sasa anamfokea Ilwad kwamba ukurasa wa harufu umekosea, na Ilwad anaurekebisha bila ubishi. Mpango wao ni kupata kompyuta ya kikundi na laini ya simu Mandera, ili wanaoijua manemane waiandike wenyewe.

Na mtu wa kutafsiri je, wakiandika kwa Kisomali? "Nitatafsiri," anasema Ilwad. "Mimi nimekuwa mdomo wao tu. Natamani siku moja nifungue ile tovuti, nikute humo jambo ambalo sikulijua."

Juma lililopita Alio alipiga redio Mandera kabla ya kufunga safari. Foleni nzima ilimsikia, na Maka alimwomba arudie, si kwa kutosikia, ila kwa utamu wake.

"Msimu huu," alisema Alio, "mnauza bei gani? Ofa."